Uso wa Februari

Simu haimtaki baba tena.
Anaiinua, anaishika mbali,
anaikazia macho nayo inamkazia,
kisha inatikisika kidogo, kama mtoto akataaye uji:
Uso haujatambuliwa. Jaribu tena.

Tangu Mei upande wa kushoto umeshuka.
Mdomo umelala. Jicho halifungi vizuri,
linatoa chozi akicheka, hasa akicheka.
Daktari Iturralde kasema ni mshipa wa fahamu,
utarudi, miezi mitatu, labda sita.
Simu haikuyasikia hayo.
Inamkumbuka mtu wa Februari,
kanyolewa, kaketi chini ya feni,
siku dada yangu Graciela alipomfungulia akaunti:
“Peso ni barafu mfukoni, baba.
Weka huku, hata kama hukuelewi.”

Akaweka.
Pensheni, kidogo kidogo,
na hela ya mashine ya chapa,
aliyoisimamia miaka thelathini na mmoja
akipanga herufi za risasi moja moja,
kadi za harusi na matangazo ya misiba
ya nusu ya Rosario.

Leo ankara ya gesi imekuja mara mbili ya ile ya Juni.
Tunavaa makoti mezani.
Jaribu tena.
Mara ya tano simu inachoka naye,
inadai tarakimu sita alizoziweka Graciela,
naye Graciela yuko Valencia,
saa tisa ya usiku huko,
amelala kwa ajili ya zamu ya alfajiri.

“Kuna ile nyingine,” baba anasema
kwa nusu ya mdomo.

Ile nyingine iko chumba cha nyuma
chini ya kitambaa cha meza, nzito, ya kale.
Naiwasha. Inakoroma, inakohoa vumbi,
tunamaliza kibuyu kizima cha yerba
kabla haijatuonyesha kitu.
Hii haina jicho.
Haiulizi umefananaje leo.
Inauliza neno tu.

“Geuka,” ananiambia.

Nimemwogesha wiki tisa.
Nimemnyoa, nimemfuta udenda,
nimemkata kucha za miguu.
Nageuka.
Nasikia kidole kimoja kikitafuta,
ta. Kimya. Ta. Ta.
Mtu aliyesoma maisha yake yote kinyumenyume,
kulia kwenda kushoto, kwenye chuma,
hasahau alipoiweka herufi.

Imekubali.
Halafu imeghairi:
Tumetuma namba kwenye simu yako.

Tukatazamana.
Simu ilikuwa pale juu ya ankara, imefungwa, imenuna.
Ikawaka.
Haikuomba uso wala ruhusa;
namba zote sita zimejipanga kwenye paji lake.
Bawabu aliyetufukuza mlangoni
katupitishia ufunguo dirishani.
Baba alicheka mpaka jicho likalowesha kola.

Kwenye simu fedha yake ilikuwa doa la kijani,
ukubwa wa kishikizo cha shati.
Huku ni ukurasa mzima:
tarehe, makato, makato ya makato,
Machi imenyonya kiasi gani, Aprili kiasi gani.
Baba anausogelea kama anavyosogelea karatasi ya majaribio
kabla ya kuruhusu chapa.
Kidole chake kwenye kioo:
“Hapa wamerudia herufi.”
Kweli, wamerudia.
Kampuni ya mabilioni, na hakuna aliyeona.

Tumeuza kiasi cha gesi na dawa ya jicho.
Zilizobaki hatukuzisema kwa sauti.

Kabla ya kutoka, mashine ikatoa ushauri:
Inaonekana unapata shida kwenye simu.
Ungependa kusajili uso mpya?

Nikaichukua simu, nikaielekeza kwake.
Taa ya dari ilikuwa juu yake, mbaya,
ikionyesha kila kilichoshuka.
Akaisukuma kwa mkono mzima, taratibu.

“Huu wa kupita,” akasema.
Akashika kipanya mwenyewe,
akakitafuta kile kitufe kidogo cha kijivu
pembeni, karibu hakionekani:
Nikumbushe baadaye.