Birika la Kunawia

Nilifika Mbale nimechelewa, na aliyechelewa hachagui kazi.
Kavosa wa kamati, kalamu sikioni, hakuniuliza habari ya miaka kumi na tisa.
Alinitwika birika, beseni la bluu, taulo begani:
"Wakwe wamekwisha kunawa. Nenda hema la watu wetu.
Na maji yasiwaunguze."

Ndivyo nilivyowaona ndugu zangu, kuanzia vidoleni.

Nyuso zilikuwa zimenitoroka.
Kuna waliofura, kuna waliokauka,
kuna mvi zimekalia majina niliyoyaacha yakichunga ng'ombe.
Lakini mkono haujui kujificha.

Huu wenye kovu kando ya kidole gumba ni wa Adagala,
panga liliteleza siku tulipokwenda kuiba miwa ya mchungaji.
Nikamimina. Akatazama maji, akanitazama mimi,
akapiga ukelele
hata wapiga isukuti kule nje wakadhani wameitwa.

Huu unaonuka omena wa soko la Luanda,
kidole cha mwisho kimepinda kama ndoana,
ni wa shangazi Egehiza, aliyekuwa akininyoa kwa wembe uliochoka.
"Umekonda," akasema.
Kwake kila mtu amekonda tangu mwaka ule wa njaa,
hata Ambani, ambaye amekalia viti viwili.

Mtoto mmoja akaleta mkono wa kushoto, wa kulia umeshika soda.
"Wewe ni wa nani?" nikamuuliza,
na sauti ya marehemu baba ikatoka kinywani mwangu bila ruhusa.
"Wa Imali."
"Imali yupi?"
"Imali wa Kisumu."
Imali huyo nilimwacha darasa la nne, akilia kwa sababu ya kifutio.

Safu ya tatu, kiti cha pembeni,
mikono miwili mikubwa imelala juu ya magoti
kama mizigo ambayo mwenyewe hajaja kuichukua.
Sikuhitaji kuinua macho.
Ndiyo iliyohamisha mawe ya mpaka
usiku ambao baba alikuwa wodini, mpira puani.
Baba mdogo Onzere.

Birika lilikuwa limetoka kujazwa jikoni, mvuke unapumua mdomoni mwake.
Nilisimama.
Mvua ya saa tisa ikaanza kubisha juu ya hema.
Nilisimama kiasi cha jirani yake kukohoa.
Kisha nikarudi kwenye pipa, nikachanganya maji baridi,
nikaonja joto kwa kidole changu mwenyewe, nikaja.

Alinawa polepole, hadi kwenye viwiko.
"Mimina tena."
Nikamimina tena.
Hakusema samahani, nami sikusema yamekwisha,
maana hayajaisha; hati bado iko kwa chifu.
Taulo lilikuwa limelowa chapachapa,
akalitazama, akaliacha,
akajipangusa kwenye bega la koti langu,
kiganja kimoja, halafu cha pili,
na hicho cha pili kilikawia.
Mpaka sasa sijui kama alinidharau.

"Ukoo wa bi harusi, upande wa mama!" kipaza sauti kikakoroma.
Tukamiminika nje, mvua au la, visigino vikizama kwenye udongo.
Musimbi, binti wa dada yangu, katikati, gauni limeshikwa juu na wanne.
Hatukuenea. Mpiga picha akarudi nyuma, akarudi nyuma,
hadi akasimama ndani ya viazi vitamu vya jirani, naye jirani akamtukana vizuri,
ndipo sote tukacheka kwa pamoja, na kamera ikafumba jicho.

Nimo katika picha hiyo. Mstari wa pili, kushoto.
Birika bado mkononi, nilisahau kuliweka chini.
Begani kuna madoa mawili ya maji.
Siku moja mjukuu wa Imali atanigusa kwa kidole
aulize, huyu mhudumu alikuwa wa nani?