Nukta Sufuri

Nambari yangu ilikuwa mia nne na kumi na mbili.
Walikuwa wakiita sitini na tano.
Nikaiacha foleni ya pasipoti na lile jumba la ghorofa,
nikavuka ua, hatua chache tu,
nikaingia nyumba hii ya mawe
iliyobaki fupi jiji zima liliporefuka.

Baba alifanya kazi humu. Zablon Keya, karani,
vidole vya wino wa buluu hadi Jumapili kanisani.
Dirisha la kushoto: waliozaliwa.
La kati: waliooana.
La kulia, usiulize.
Hata mimi niliandikwa kwa mwandiko wake,
herufi zimelala upande kama nyasi baada ya mvua,
na kosa moja katika jina, ambalo hakulisahihisha.
"Serikali haifuti," alisema, akacheka peke yake.

Leo palipokuwa na meza yake pana picha ya rangi:
mwanamke, punda, mitungi ya manjano.
Taa ndogo inaimulika kwa adabu.
Kuta zimepakwa chokaa upya
lakini unene wake ni uleule, mkono hadi kiwiko,
na chini ya kuba honi za barabara kuu
hufika zimechoka, kama wageni waliokosa basi.

Nje kuna alama. Inasemekana
maili zote za nchi zinaanzia hapo:
Mombasa, Kisumu, Moyale,
kila mji unajua umbali wake na jiwe hili.
Nani alipima kutoka hapa hadi Kayole,
alfajiri, kwa soli za baba,
siku ambayo nauli imepanda?

Mlinzi alikuwa kijana mpole, Letoiye kifuani.
Nikamwelekezea kidevu lile jumba nililotoka.
"Na jirani yenu? Vile vyumba vya chini,
tiketi yake ni pesa ngapi?"
Akatazama viatu vyake.
Akatazama viatu vyangu.
"Kule, mama, hakuna maonyesho."

Nikarudi. Walikuwa wamefika mia mbili na tatu.
Watu walikuwa wakitazama juu, kwenye skrini,
kila mmoja na safari yake mkononi.
Mimi nilisimama kwa miguu yote miwili
juu ya sakafu ile baridi, iliyopigwa deki ikang'aa,
nikaanza kuhesabu ghorofa
kwenda chini.