Samadari Korongoni

Daraja lilichukuliwa na masika,
ikabaki njia ya korongo.

Mize alizima gari ukingoni.
Akavua makubadhi, akayaweka juu ya boneti,
akajifunga kibwebwe, akashuka mtoni kwa miguu
na fimbo ya mpera mkononi.
Tukabaki watatu kuangalia: mimi, Shaame,
na kitanda cha ndugu yangu juu ya paa,
samadari ya msaji, imefungwa kamba za makumbi
kama mwizi wa karafuu.

Alikuwa anayasoma mawe.
Hili linacheza. Hili limelala.
Hili, akatupigia kelele, lina meno!
Akarudi, kanga imelowa hadi magotini,
akatia bismillahi na gia ndogo kwa pumzi moja.

Landrova ikashuka kama bibi mwenye baridi yabisi:
mguu huu, kisha ule, kisha kupumua.
Upande wangu jiwe. Upande wa Shaame hewa tupu.
"Usiegemee mlango," akaambiwa,
na Shaame, aliyetoka Wete akijisifu kwa pikipiki yake,
hakutia neno tena mpaka ng'ambo.

Katikati ya maji tairi ikakosa pa kushika.
Ikazunguka bure, ikanuka mpira.
Nikasema: kanyaga!
Mize akaondoa mguu.
Akazima hata redio, akasikiliza
mto ukipita chini ya viti vyetu
na mambo yake, usio na haraka ya harusi ya mtu.
Kisha polepole, kama anayemgeuza mtoto usingizini,
akairudisha gari nyuma shubiri moja,
akaipa tairi jiwe lile lenye meno.

Likauma.
Tukapanda.

Juu yetu kitu kilikwaruza ukuta wa korongo,
kirefu, kama ukucha kwenye ubao wa skuli.
Hakuna aliyegeuka.

Mtambwe walitupokea kwa vigelegele na madafu.
Wakakipapasa kitanda: mashaallah, hata kioo kizima!
Mimi na Mize tu tuliliona kovu,
tendegu la nyuma, urefu wa kidole cha kati,
na chokaa ya korongo ndani yake.
Tukalielekeza ukutani.

Usiku, ngoma ikilia uani,
nilimkuta jikoni peke yake.
Ulijuaje, nikamuuliza, kwamba ni jiwe lile?

"Mengine yote yaliteleza," akasema,
akanyoosha wayo kwenye mwanga wa taa,
kitambaa kimeganda damu.