Kivuli Miguuni

Sogeeni kidogo. Hapo. Usitabasamu bado.
Miaka thelathini na mmoja nayasema maneno haya
chini ya pembe nne za bati, barabara ya Moi,
na bado haipiti wiki bila mtu kuniuliza,
"Ndovu mwenyewe alikuwa mkubwa kiasi gani?"
Mkubwa, bwana. Alikunywa maji Kilindini
hadi meli zikakaa mchangani.
Mtoto hucheka, mama hucheka, baba hutoa pochi,
nami nawageuza walitazame jua,
wakunje macho kama watu walioitwa kwa jina.

Zamani nilikuwa na kitabu cha risiti.
Nusu leo, nusu picha ikikufikia.
Wundanyi, Kapsabet, Oyugis, Mwingi:
niliramba stempu mpaka chai ya alasiri
ikawa na ladha ya gundi.
Nilikuwa na koti jeusi la kuazimisha mabwana harusi,
kifungo kimoja kilipotelea Makadara.
Koti lile limeoa mara kumi na tisa.
Wakaja wanafunzi wa Bungoma, bahari hawajaiona,
wakataka pembe kwanza, bahari itangoja.
Mwalimu wao Nasambu akahesabu vichwa:
arobaini na mbili. Arobaini na moja.
Yule mmoja alikuwa bustanini, shingo nyuma,
akiwatazama popo waliolala miguu juu.
Hayumo pichani. Ndiye ninayemkumbuka.

Kisha simu.
Maji yakijaa hupwa, nikajidanganya.
Haya hayajapwa.
Sasa wananikabidhi simu zao, "Mzee, tupige moja,"
mzee, na juzi tu nilikuwa fundi,
nawapiga moja, mbili, na ya tatu ya bahati,
wanainamisha vichwa, wanachagua, wanafuta,
wanaondoka kwenda Ngome, kwenda kwenye viazi karai.
Mimi sijawahi kumfuta mtu.
Kule Kuze, chini ya kitanda, mna katoni ya sabuni
imejaa wasiorudi kumalizia nusu yao.
Mwanatumu, mke wangu, husema
wapangaji hawa wametuzidi wingi, tuwatoze kodi.

Alhamisi alikuja mwanamke, Kalunde, kutoka Kitui,
mkononi picha ndani ya karatasi ya nailoni.
Rangi imegeuka chungwa.
Kijana wa kola ndefu, kaegemea pembe
kama vile ni yeye aliyeipandisha.
"Baba yangu," akasema. "Nataka nisimame aliposimama."
Kazi hii hufunza uongo mtamu,
na "namkumbuka" ilikuwa tayari ulimini,
lakini hakuniuliza hilo.
Aliweka kidole chini kabisa, kwenye lami:
"Na huyu je?"

Kofia. Viwiko viwili vimechomoza
kama masikio ya sufuria.
Jua la asubuhi mgongoni kwangu,
na mimi nimelala chali miguuni pa baba yake.

"Tulipokuwa wadogo tulimwita Mjomba wa Mombasa.
Mgeni akija tulimtambulisha: huyu baba,
hizi pembe, na huyu Mjomba.
Mdogo wangu alikuwa akimpa uji."

Sijafika Kitui. Mimi nikivuka Mariakani kichwa huniuma.
Na kumbe nimetundikwa Wundanyi, kando ya kalenda,
Kapsabet, juu ya redio yenye kitambaa cha kufuma,
Oyugis wamenihamisha nyumba mbili,
watu wamekufa na kuzaliwa chini yangu,
sikualikwa na sikukosa.

Nikampanga. Saa tatu na robo.
Simu yake, kidole changu.
Nikajivuta pembeni kidogo, kama wafanyavyo vijana,
picha itoke safi.

"Usisogee," akasema.

Nikarudi. Nikasimama palepale, viwiko nje.
Haya, mwanangu.
Usitabasamu bado.