Barua Moja

Mimi ndiye niliyeichapa.
Ukumbi wa Korogwe, tangu saa tatu,
feni moja yazunguka, ya pili imegoma.

Lushoto walianza na barabara:
vuli imeimega tena kona ya Soni,
kabichi zikaozea ndani ya lori.
Pangani wakataka ukuta,
maji chumvi yamefika makaburini.
Muheza: "Machungwa twayauza kwa lumbesa,
juisi twainunua kwa glasi!"
Handeni hawakusema mengi.
Waliweka dumu tupu juu ya meza.

Kila mmoja na barua yake, muhuri wake,
na droo ya kuzilaza zote twaijua.

Ukazuka ubishi: nani atangulie kwenye orodha?
Saa nane, pilau imepoa,
Bi Hadiya Semkiwa wa Kilindi akasimama.
"Sisi tuandikeni mwisho," akasema.
"Ila msituache."

Kimya.
Kisha Shekiondo wa Pangani, bila kumtazama mtu,
akaushusha ukuta wake
chini ya dumu la Handeni.

Nikafuta vichwa vyote vya habari.
Nikaanza upya: *Sisi*.

Mihuri ikagongwa. Kufika Kilindi
wino ulikuwa umekauka, alama ikatoka hafifu.
Nikatemea kidau mate,
nikaigonga tena, kwa nguvu.