Chini ya Mpira

Hapa Soroti, ubavuni mwa mashine ya kusaga,
nimeketi na pampu, gundi na karai la maji,
na watu nawajua kwa baiskeli zao kabla ya majina.

Etiang huiosha yake Awoja, magoti majini,
mswaki wa meno katikati ya spoki,
spoki moja moja, kama anayehesabu deni.
Mwenyewe ataoga kesho, Mungu akipenda.
Ariko hapakii abiria mwenye viatu vya kisigino:
"Mama, vivue, uvishike mkononi."
Na mama, kwa kuwa jua ni kali na zahanati iko mbali, anavivua.
Yuko kijana wa Arapai aliyekifumia kiti vazi la sufi,
jekundu, lenye vishada,
na shati lake mgongoni lina dirisha.

Wenye magari hucheka. Wacheke.
Gari ni la benki. Hii ni ya mtu.
Hii ni magunia tisa ya karanga
na mbuzi aliyekuwa wa mahari.

Lakini hao wote ni watoto mbele ya Osekeny.

Siku aliyoinunua hakuichana nailoni ya dukani.
Ilipoanza kupasuka, alikata tyubu kuukuu vipande virefu,
akaizungushia fremu yote, mzingo juu ya mzingo,
kama anavyofungwa mtu aliyevunjika mfupa.
Miaka kumi na miwili.
Hakuna aliyekumbuka rangi yake.
Wengine waliapa ni kijani. Mkewe alisema nyeusi,
kisha akasema: "Niulizeni kisogo chake,
hicho ndicho nakijua."

Kwenye pombe, wenzake wakikizunguka chungu,
yeye alichagua mrija mrefu kuliko yote
ili akae karibu na baiskeli.
Mbuzi akija kujikuna, Osekeny alikohoa.
Mbuzi alielewa.

Jumanne, baada ya mvua ya mawe, aliileta akiisukuma.
Ilikuwa inalia shingoni, mlio wa mlango wa kanisa.
"Fungua."
"Yote?"
"Fundi ni nani, mimi au wewe?"
Akavuka barabara kwenda kunywa chai,
akaketi akitupa mgongo
kama baba ambaye mwanawe anachomwa sindano.

Nikabandua polepole. Mpira ulitoka na harufu ya mvua za zamani.
Na chini yake, bluu!
Bluu ya siku ya kwanza,
bluu ambayo jua la Teso halijawahi kuilamba,
na herufi za dhahabu, na nyota ndogo mbele.
Mwenye mashine alizima injini aje kuona.
Watoto wa shule walisimama, mikono nyuma, bila kuambiwa.

Kisha kidole changu kikagusa.
Kwenye bomba la juu, karibu na kiti: mkwaruzo,
mrefu kama kalamu, wenye kina, umeshaota kutu.
Na juu ya mkwaruzo, kipande cha nailoni ileile ya dukani,
kizima, bila tundu.
Ulikuja nao.
Ulikuja nao ndani ya sanduku, ndani ya meli,
kutoka mkono wa mtu nisiyemjua
aliyekuwa na haraka siku ile.

Niliwafukuza watoto.
Nilitia grisi shingoni, nikanyoosha breki
ambayo haikuhitaji kunyooshwa.
Nina rangi ya bluu kidogo kwenye kopo,
lakini si bluu hiyo.

Osekeny akarudi, sukari bado kwenye sharubu.
Hakuitazama fremu. Alinitazama mimi.
"Umeona?"
"Kuona nini?"
Lori la machungwa likapita.
Akalisindikiza kwa macho hadi kona, na vumbi lake pia.
"Vizuri," akasema,
akatoa mfukoni tyubu nyingine,
imekatwa tayari, imeviringwa kama bendeji.
"Anzia hapo juu, karibu na kiti.
Kaza."