Namba Sita

Mvua ya Isyonje haipigi hodi.
Huamkia shambani kabla yangu;
nikifika, mtaro umekwisha kunywa ukashiba
na tope limekaa, linasubiri mguu.

Miaka tisa nimevaa gambuti za marehemu,
namba kumi, za Ambakisye,
kisiginoni nimesokota kipande cha blanketi.
Nikipiga hatua mguu unatangulia,
kiatu kinafuata kikijisikia.
Mara ngapi nimesimama mguu mmoja kama korongo,
ndoo ya viazi kichwani, soksi hewani,
gambuti imenasa nyuma inakunywa mvua,
na watoto wa Mwashambwa wanacheka ng'ambo ya matuta!

Msimu huu tajiri wa viazi hakutupunja sana kwenye lumbesa.
Nikashuka Mwanjelwa,
noti nimezifunga kwenye pindo la kitenge.

"Mama, chukua hizi zenye maua," akasema kijana wa duka.
"Nyepesi. Zimeingia jana."
Nikaikunja moja katikati.
Pale kwenye mkunjo ukatoka mstari mweupe,
mwembamba kama unywele wa bibi.
Nikamwambia: mwanangu, hapa ndipo maji yatakapopita mwezi wa pili.
Mpira wa kweli ukiukunja haubadiliki rangi,
unarudi ulikotoka bila kinyongo.

Nikanusa. Plastiki hunuka beseni jipya.
Nikageuza soli: meno yawe marefu, yaachane,
yakibanana yanajaa udongo,
unarudi nyumbani na nusu ya shamba la jirani
na hujalipia.
Nikazamisha mkono ndani hadi kwenye vidole, natafuta mshono,
kwa maana mshono usiouona dukani
utausoma kwa kidole kidogo
kwenye kilima cha kurudi.

"Mama, umekuja kununua au kuposa?"
Duka la pili wakacheka. Nikacheka nao, nikaendelea.

"Haya, namba ngapi?"

Hapo nikanyamaza.
Nina miaka hamsini na moja.
Najua uzito wa gunia kwa kulitazama,
najua ng'ombe atazaa lini kwa kumshika nyonga,
ila namba ya mguu wangu
hakuna aliyewahi kuniuliza.

Akatandika boksi tupu sakafuni, nikakanyaga,
akachora kwa kalamu ya risasi kuzunguka unyayo.
Nikaona kumbe ni mdogo.
"Sita," akasema.

Akaleta nyeusi, nzito kiasi, ndani zina kitambaa cha pamba.
Soksi nilikuja nazo, za sufu, jozi mbili,
maana Juni kwetu nyasi huamka na barafu.
Nikavaa. Shingo haikukaba shavu la mguu.
Nikachuchumaa kama nang'oa viazi,
nikainuka, nikachuchumaa tena,
kwa sababu kiatu kinachokupenda umesimama tu
ni kiatu cha harusi.

Alianzia elfu thelathini na tano.
Tuliachana kwenye ishirini na sita,
na kamba ya mbuzi juu.

Jioni nikachukua kisu,
nikakata shingo za gambuti za Ambakisye, vipande vinne,
nikavigongomelea kwenye mlango wa banda la nguruwe.
Bawaba za chuma hulia usiku kucha.
Hizi hazisemi.
Kulipokucha nikausukuma mlango:
ukafunguka taratibu, ukarudi wenyewe.
Nikausukuma tena, bila sababu.

Nguruwe akatoa pua, akanusa mguu mpya,
akarudi kulala.

Nami nikashuka mtaroni.
Tope likashika, kama kawaida yake.
Nikavuta.
Tukatoka wote, mguu na kiatu,
kwa wakati mmoja.